Saa Iliyovaa Jina la Mwenzake

Mwaka jana, katikati ya mtihani wa moku wa Kidato cha Nne, niliwatangazia wanafunzi kwamba wamebakiwa na nusu saa. Haikuwa kweli. Walikuwa wamebakiwa na dakika kumi na nne. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa betri tangu wiki iliyotangulia, simu tunaziacha ofisini tunapokwenda kusimamia, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kinautegemea mkono wangu wa kushoto. Mtihani ulianza saa 2:00 asubuhi, ulikuwa uishe saa 5:00. Mwalimu wa taaluma alipoingia kukusanya karatasi, saa yangu ilikuwa inasoma 4:44. Binti mmoja wa dawati la mbele aliinua macho, kalamu bado imegusa karatasi, akasema taratibu, "Lakini mwalimu, ulisema nusu saa."

Tuliwaongezea muda, maana ulikuwa mtihani wetu wa ndani. Ungekuwa wa taifa, tusingeweza. Ile sauti nilirudi nayo nyumbani.

Saa ile ilikuwa kopi. Usoni imeandikwa Rolex, na chini ya jina hilo maneno mawili madogo, Oyster na Perpetual. Niliinunua shilingi 150,000 kwa mtu aliyeitangaza kwenye status ya WhatsApp: mzigo mpya, kopi kali, huwezi kutofautisha. Sikudanganywa kuhusu ukopi wake, nilijua. Nilitaka saa ya mashine, ile inayotembea kwa mwendo wa mkono bila betri, na nilitaka inipendeze ninapokaa kwenye kikao cha harusi au ninapokwenda kufuatilia jambo kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Tangu serikali ihamie huku Dodoma, macho ya watu mikononi yameongezeka. Kutaka kupendeza si kosa, na simlaumu mtu yeyote kwa hilo. Makosa yangu yalikuwa mahali pengine, na nilionyeshwa na mzee mmoja fundi saa mwenye meza yake karibu na soko la Majengo.

Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea saa kwa mikono miwili. Hakusema lolote kuhusu jina. Alipuliza vumbi, akaweka kioo chake jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akanipa kioo nichungulie mwenyewe. Ndani ya saa ya otomatiki kuna kipande cha chuma cha nusu duara, kinazunguka kila unapotikisa mkono, na kuzunguka kwake ndiko kunakoikaza kamani, yaani springi kubwa inayoiendesha saa. Kwenye saa yangu skrubu ya kipande hicho ilikuwa imelegea. Kilikuwa kinayumba na kukwaruza sahani ya mashine, na unga wa chuma uliotoka hapo ulikuwa umetapakaa kwenye magurudumu kama majivu. Pembeni, palipotakiwa kuwa na pete ya raba ya kuzuia maji na vumbi, palikuwa na uzi mweusi uliokatika, umejikunja upande mmoja. Mchanga wetu wa Dodoma ulikuwa umeshaingia. Niliuona kwa macho yangu, chembe nyekundu mbili karibu na gurudumu lile linalocheza huku na huku.

"Mashine yenyewe si mbaya, mwanangu," aliniambia. "Walioifunga ndio hawakuwa na nia nayo."

Nimelifikiria neno hilo kuliko mengi niliyosoma kuhusu saa. Maneno mawili yale yaliyo usoni yana maana ya kazi. Hans Wilsdorf alianza biashara yake London mwaka 1905, akalisajili jina la Rolex mwaka 1908, na mwaka 1926 wakatoa kasha waliloliita Oyster: mfuniko wa nyuma na kichwa cha kutilia ufunguo vinafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, vumbi na maji visipite. Perpetual ikaja mwaka 1931, nayo ni kile kipande kinachozunguka na kuijaza saa bila kutia ufunguo. Kwa hiyo saa yangu ilikuwa imeandikwa "haipitishi vumbi" ikapitisha vumbi, na imeandikwa "inajijaza daima" ikashindwa kujijaza. Aliyeiga alizikamilisha herufi, zimenyooka na zinang'aa. Raba ya shilingi chache hakuiweka.

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho mwalimu wa fizikia lazima akifanye. Nilirekodi mlio wa saa kwa simu, nikaupunguza kasi, nikahesabu. Mipigo sita kwa sekunde, yaani 21,600 kwa saa. Rolex nyingi za sasa hupiga minane, 28,800. Sita si aibu hata kidogo, saa nyingi nzuri za Kijapani hupiga sita. Hata hivyo sita kwa sekunde ni mipigo 518,400 kwa siku, na kila mpigo ni chuma kinachogusa yakuti, kijiwe kigumu cha kupunguza msuguano, juu ya tone la oili dogo kuliko punje ya ulezi. Weka unga wa chuma na mchanga kwenye tone hilo, halafu zidisha kwa siku 365.

Nilimuuliza mzee gharama. Akasema kuisafisha yote na kuitia oili ni 35,000, lakini hawezi kuniahidi kitu. Vipuri vya kopi havina anwani, alisema. Mwezi huu wameweka mashine hii, mwezi ujao nyingine inayofanana nayo kwa nje, na jino la gurudumu halikubali. Akivunjikiwa na kipande, hana pa kukitafuta.

Hapo ndipo nilipo, na maoni yangu ni haya: saa ya mashine hainunuliwi mara moja. Unainunua dukani, kisha unainunua tena kila inapofunguliwa, pengine kila baada ya miaka mitano hivi, maana oili hukauka hata ukiivaa kwa adabu. Anayenunua kopi anahesabu bei ya kwanza tu. Bei ya pili ndiyo inayosema umenunua nini, na kwa kopi bei ya pili mara nyingi ni kuitupa. Chombo ambacho fundi hawezi kukiahidi kitu ni pambo, na kwa pambo 150,000 ni nyingi.

Najua nitajibiwa kwamba zipo kopi za kiwango cha juu sana. Ni kweli zipo. Viwanda vya China hutengeneza mashine zinazofuata zile za Uswisi, ikiwemo ETA 2824 ambayo imeigwa mno, na baadhi yake ni kazi nzuri. Wala sitaki mtu asome hapa dharau kwa Mchina. Watu wa Tianjin, mji wa huko China, walitengeneza saa yao ya kwanza ya mkononi mwaka 1955, na ufundi huo hawajaupoteza. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyeweza kutengeneza mashine nzuri kiasi hicho, kwa nini asiandike jina lake? Maana wapo wanaoandika. Zipo saa za Kichina zenye umbo lilelile la saa ya wapiga mbizi unayoitamani, zikiwa na jina lao wenyewe usoni na ndani mashine kama NH35 inayotoka kwa Seiko, yakuti 24, ambayo fundi anaijua na vipuri vyake vinapatikana. Umbo likifanana, mimi sina ugomvi. Hata kanzu zinafanana. Ugomvi wangu uko kwenye jina, kwa sababu jina ndilo linalomwambia fundi atafute wapi, na ndilo linalomfanya mtengenezaji aone haya akisahau raba.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Lakini sijawahi kuona mtu akiacha kununua kopi kwa kuogopa sheria, kwa hiyo narudi kwenye vumbi.

Vumbi la huku si la Dar es Salaam. Kuanzia Julai mpaka mvua zianze mwishoni mwa mwaka, upepo unapiga mchana kutwa, na ukipanda bodaboda kutoka Nkuhungu mpaka mjini utafika na chembe hata kwenye nyusi. Pete ya raba nayo hukauka na kukakamaa. Ukiwa na saa ya mashine Dodoma, mwombe fundi abadilishe raba kila anapoifungua, hata kama iliyopo inaonekana nzima. Usivute kile kichwa cha pembeni ukiwa barabarani, subiri ufike ndani. Ukifika nyumbani, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hasa pale mkanda unaposhika kasha, maana jasho na vumbi vikikutana hapo vinakuwa kama msasa. Na maandishi ya "mita 30" hayana maana ya kuogelea, yana maana ya kunawa mikono.

Jambo jingine ni sumaku. Wengi hulaza saa juu ya sabufa au pembeni ya spika, asubuhi wanaikuta imekimbia dakika kadhaa mbele. Springi nyembamba kama unywele, ile inayolichezesha gurudumu la huku na huku, ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana, inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi hucheza haraka. Si ubovu. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza kwa dakika moja, na usikubali kutozwa bei ya matengenezo makubwa.

Kuhusu tarehe, hapa watu wameharibu saa nzuri. Gurudumu la tarehe huanza kujishika usiku, na kwenye mashine nyingi hatari iko kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku kwa hesabu yetu. Ukilazimisha kubadilisha tarehe kwa mkono wakati huo, unaweza kuvunja meno. Zungusha kwanza mishale yote miwili isimame chini kabisa, kwenye namba sita, ndipo ubadilishe tarehe, kisha urudishe majira sahihi.

Na usiidai saa ya mashine usahihi wa saa ya betri. Mashine ya 7S26 ya Seiko, ile iliyokaa kwenye Seiko 5 kwa miaka mingi, kiwanda chenyewe kinaikubali ikichelewa sekunde 20 au kukimbia sekunde 40 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Kwa chombo kisicho na betri wala waya, mimi naona ni ajabu.

Nimeitaja Seiko 5 kwa sababu ndiyo niliyonayo sasa. Mzee wa Majengo alinitafutia moja ya mtumba, kioo kimechubuka, kwa 90,000, na 30,000 nyingine ya kuisafisha na kuitia raba mpya. Jumla ni pungufu ya nilichotoa kwa kopi. Seiko 5 nazo zina feki zake, hasa zile za zamani zilizopakwa uso mpya, kwa hiyo alinionyesha pa kuangalia. Nyuma kuna namba inayoanza na jina la mashine, 7S26, kisha kistari na namba za kasha, na ukifungua unaikuta 7S26 hiyohiyo imegongwa ndani. Kuna namba nyingine ya tarakimu sita: ya kwanza ni mwisho wa mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi, na Novemba huandikwa N, Desemba D. Yangu inaanza na 4 na 7. Julai, ya mwaka unaoishia na nne. Kopi yangu nayo ilikuwa na namba nyuma, lakini haikumwambia mzee lolote.

Kuna kitu kingine alinionyesha siku ile ambacho sikukitegemea. Aligeuza mfuniko wa nyuma wa ile Seiko, akaulaza chini ya taa, akanipa kioo. Upande wa ndani kulikuwa na mikwaruzo midogo ya sindano, mistari miwili ya tarakimu, kila mmoja kwa mkono wake. Akanieleza kwamba ni alama za mafundi. Kila anayeifungua saa huandika ndani mwezi na mwaka, ili atakayekuja baada yake ajue ilisafishwa lini. Wawili walishapita humo, mahali nisipopajua, na kila mmoja alikuwa ameamini kwamba saa hii itafunguliwa tena.

Tukachukua na mfuniko wa kopi. Mweupe, unang'aa, hauna hata mkwaruzo.

Mzee alitoa sindano kwenye kikopo, akafuta mfuniko wa Seiko kwa kidole, akainama. Chini ya ile mistari miwili akaandika wa tatu.