Oksijeni ya Kale Haijaangusha Mlipuko Mkuu

Kuna video inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi, eti darubini ya James Webb imethibitisha kwamba Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani mwanzo wa ulimwengu wetu unaotanuka, haukutokea. Mwalimu mmoja wa kemia kutoka Eastlands ameniuliza kama ni kweli, maana wanafunzi wake wamemkalia kooni. Si kweli, na inaniuma kwa sababu habari yenyewe ni tamu kuliko huo uzushi.

Chanzo cha uzushi huo ni galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0. Vipimo vya Webb vya mwaka 2024 vilionyesha kwamba tunaiona ilivyokuwa wakati ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300. Leo una takriban bilioni 13.8. Mwaka 2025 timu mbili za wanaastronomia zikatangaza kwamba antena za redio za ALMA, kule jangwa la Atacama nchini Chile, zimepata oksijeni humo. Wimbi la mwanga wa oksijeni lililotoka huko likiwa na urefu wa maikromita 88 lilifika kwetu likiwa limevutwa hadi zaidi ya milimita 1.3, kwa kuwa anga lenyewe limetanuka njiani. Kuvutwa huko kwa wimbi ndiko kunakotuambia ulimwengu ulikuwa na umri gani mwanga huo ulipotoka. Sasa mtu atatumiaje umri uliokokotolewa kwa kutanuka kwa ulimwengu kukana kwamba ulimwengu ulitanuka?

Kilichowashtua wataalamu ni kingine. Mlipuko Mkuu uliacha hidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo sana. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota kubwa, nazo zikilipuka huimwaga angani. Galaksi hii ilikuwa na elementi nzito (zinazozidi heliamu kwa uzito, kama oksijeni) karibu mara kumi ya zilizotarajiwa, kumaanisha nyota zilikuwa zimeshazaliwa, zikaishi, zikafa.

Muda ulitosha? Ulitosha kabisa. Nyota yenye uzito wa Jua mara ishirini huishi takriban miaka milioni 10 tu, kwa hiyo vizazi kadhaa vingeweza kupita. Kinachotikisika ni makadirio yetu ya kasi ya galaksi kuunda nyota. Mimi naegemea upande wa wanaosema nyota zilizaliwa kwa mikupuo mikali, gesi ikiporomoka kwa wingi kwa muda mfupi.

Wakenya tusiione habari hii kuwa ya wenyewe huko ng'ambo. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kuonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali. Baadaye chuma kikagunduliwa ndani ya gesi hiyo, nacho pia ni mabaki ya nyota zilizolipuka. Chuma wanachofua mafundi wa Kamukunji kutwa nzima kina asili hiyo hiyo, ila sehemu kubwa yake hutoka kwa vibete vyeupe, nyota zinazochelewa kulipuka. Ndiyo maana oksijeni hutangulia.

Mwalimu, ukitaka fumbo la kweli la kuwapa wanafunzi, wape galaksi ya GN-z11. Tunaiona ilivyokuwa miaka kama milioni 430 baada ya Mlipuko Mkuu, na nitrojeni yake ni nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na oksijeni. Wapo wanaodhani ni kazi ya nyota majitu, zenye uzito wa maelfu ya Majua. Nadharia hiyo inanivutia, lakini bado hakuna aliyeiona hata nyota moja ya aina hiyo.