Karatasi ya karanga na mabamba ya Grunewald

Juzi usingizi uliniponza. Nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda treni ya S7 ya hapa Berlin kurudi kwangu. Huwa nabadili treni Westkreuz. Tulipotoka Charlottenburg nikasema ngoja niyapumzishe macho kidogo. Kuyafumbua, Westkreuz imeshapita na dirishani nasoma Grunewald. Nikashuka nikijitukana kimoyomoyo. Treni ya kunirudisha ilikuwa baada ya dakika kumi, na dakika kumi za Januari ya huku usimwombee hata adui yako.

Miaka yote niliyokaa Berlin, Grunewald nilikuwa naipita tu tukienda na watoto kuogelea Wannsee. Kwa nje ile stesheni ni kama lango la ngome ya kwenye hadithi, jengo la 1899. Ilifunguliwa 1879 pembeni mwa msitu, ikaitwa Hundekehle, na jina la Grunewald ikalipata 1884. Watu wa mjini walikuwa wanakuja Jumapili kupunga upepo. Baadaye wenye mabenki wakaona hapa pazuri, wakaanza kushusha majumba. Waziri wao wa mambo ya nje, Walther Rathenau, yule aliyeuawa kwa risasi 1922, alikuwa akikaa mtaa huo. Kwa ufupi ni Oysterbay yao. Umeme wa treni ulifika 1928 na mpaka leo treni inapita kila baada ya muda mfupi kana kwamba hapajawahi kutokea kitu.

Sasa kwa sababu ya baridi nikawa natembeatembea. Nikashuka njia ya chini, nikafuata kibao cha Gleis 17, yaani reli namba 17. Nilikuwa nimeisikia, sikuwahi kuiona.

Ni jukwaa la treni lisilo na treni. Hapa ndipo serikali ya Hitler ilipowapakia Wayahudi wa Berlin kuwapeleka makambini. Miti imeota katikati ya reli na wameiacha makusudi, ili ionekane hakuna treni itakayoondoka tena hapo. Kingoni mwa jukwaa, huku na huku, wamelaza mabamba ya chuma, 186. Kila bamba lina tarehe, idadi ya watu na walikopelekwa. Basi. La kwanza ni la tarehe 18 Oktoba 1941, Wayahudi zaidi ya 1,000 kwenda Lodz, Poland. La mwisho ni la tarehe 27 Machi 1945, kwenda kambi ya Theresienstadt. Vita imeshawashinda, imebaki wiki sita tu wasalimu amri, na bado kuna mtu ameamka asubuhi akapanga safari hiyo. Kutoka stesheni hii na nyingine mbili tatu za Berlin, walisafirishwa Wayahudi zaidi ya 50,000.

Kilichonikata maini zaidi nilikuwa nimekisoma zamani, lakini hapo ndipo kilipokaa. Shirika la reli la wakati ule lilikuwa linadai nauli. Pfennig 4, yaani senti zao za wakati ule, kwa kilomita kwa kila mtu, daraja la tatu. Mtoto nusu, wa chini ya miaka minne bure. Tena tiketi ya kwenda tu. Kuna karani alikaa mezani akachonga penseli akapiga hiyo hesabu, akaihifadhi kwenye faili. Na ni mafaili kama hayo ndiyo yaliyokuja kuwaumbua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba.

Marehemu baba alikuwa stesheni masta kwenye reli ya Tanga, toka enzi za Afrika Mashariki. Stesheni yenyewe siitaji, nisije nikapigiwa simu usiku. Wajerumani hawahawa ndio walioianza reli ile mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902. Baba alikuwa na daftari la treni ambalo hata mama haruhusiwi kuligusa. Kila treni inayoingia: saa, dakika, behewa ngapi, imechelewa kwa nini. Pale nje paliningʼinia kipande cha reli kilichokuwa kengele yake. Akikigonga kwa nati, kijiji kizima kinajua.

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la sita, baba ameshastaafu. Nikanunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja pale sokoni. Kufungua kile kikaratasi, naona mwandiko wa baba. Ile saba yake yenye mkato katikati, siwezi kuikosea. Madaftari yote yalikuwa yametolewa stoo yakauzwa kwa kilo. Kile kipande cha reli nacho kilikuwa kimeshaondoka na watu wa vyuma chakavu.

Mabamba ya Grunewald yalizinduliwa tarehe 27 Januari 1998. Mwaka huohuo.

Najua mnaanza kunoa visu. "Huyu amepata kibali cha kukaa, sasa anatuona washamba." Ndugu zangu, mimi naogesha wazee kwa mshahara, michango ya harusi zenu natuma, na ugali bado nausonga mwenyewe. Ningekuwa na kiburi ningeandika Kijerumani.

Mwingine atasema njaa kwanza, karatasi baadaye. Yule mama wa karanga simlaumu hata kidogo, alihitaji kitu cha kufungia, akapata. Ninayemuuliza ni yule mwenye funguo za stoo, aliyekuwa na mshahara, na ofisi, na mhuri. Alipata shilingi ngapi? Tusisingizie umaskini kwa kila kitu. Bibi yangu alikuwa maskini na kadi za kliniki za watoto wake tisa zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti mpaka anakufa.

Na huyu wa tatu ndiye namwogopa, kwa sababu ana hoja: "Unawasifia Wajerumani? Waliowachapa babu zetu hamsa ishirini? Waliobeba mataruma ya reli yako hiyo ya Tanga kwa kulazimishwa, bamba lao liko wapi?" Bamba lao mimi sijaliona, si Berlin wala Tanga. Rais wao Steinmeier alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ya Maji Maji. Nililia nikiangalia kwenye simu, halafu nikakasirika kwamba nimelia. Zaidi ya miaka mia moja! Hata hapo Grunewald msidhani walikimbilia. Ule ukuta wa zege wenye vivuli vya watu wanaotembea, ulio karibu na lango, ni wa 1991. Shirika la reli lenyewe kuweka mabamba likangoja mpaka 1998. Kuna bibi mmoja wa zamu yangu, miaka tisini na ushee, mzaliwa wa Berlin. Nikimuuliza ya utotoni ananiambia theluji leo itaanguka nyingi. Kwa hiyo siwasifii. Wameburuzwa na makaratasi yao wenyewe, ndivyo ninavyoona mimi.

Na sisi tunajua kukumbuka, tena sana. Kila Februari 27 Songea wanawakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani, na nani hajui habari ya Songea Mbano? Mafaili ya Wajerumani wa wakati wa ukoloni yapo hapo Upanga, Nyaraka za Taifa, yametunzwa, wazungu wanapanda ndege kuja kuyasoma. Ya mkoloni tumeyatunza. Ya baba, Mtanzania aliyeandika kila treni bila kuruka siku, tumefungia karanga. Mtu anieleze hiyo, taratibu, bila kuniita mzungu mweusi.

Mtasema treni ya umeme sasa inakwenda Dodoma. Najua, nimeipanda likizo iliyopita, nikapiga picha kama mtoto, nikawarushia Wajerumani wa kazini na maneno ya majigambo. Sijapata kujivuna vile. Nilipofika tu nikamuuliza kijana wa stesheni, mwanangu, daftari la treni mnaweka wapi? Akacheka, akasema, "Mama, siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta." Sikumwuliza ya pili.

Siku ile ya karanga nilimpelekea baba kile kikaratasi nikidhani atapandisha presha. Alikinyoosha juu ya goti, akavaa miwani, akakisoma chote. Halafu akaonja karanga moja akasema zimeungua.

Bado ninacho hapa Berlin, ndani ya bahasha ya pasipoti. Mafuta yamekula nusu ya tarehe. Kilichobaki kinasomeka, kwa Kiingereza chake cha shule ya kati: treni ya mizigo, imeingia saa kumi na dakika kumi, imechelewa dakika arobaini, ngʼombe relini.