Upanga wa Japani una cheti, mwenye upanga hana

Anayenunua upanga wa kale katika duka la Tokyo haulizwi leseni ya silaha. Anakabidhiwa upanga, ala yake, na kikaratasi ambacho mgeni anaweza kukitupa akidhani ni risiti. Kwenye kikaratasi hicho kuna namba, tarehe, aina ya upanga, urefu wake kwa sentimita, kina cha mpindo wake, idadi ya matundu ya kigingi kwenye msuka (sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini), na saini ya mhunzi kama ipo. Jina la mnunuzi halimo. Cheti ni cha upanga, na kinahama nao kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kazi ya mwenye upanga mpya ni kutoa taarifa ndani ya siku 20 kwa bodi ya elimu ya mkoa uliotoa cheti.

Bodi ya elimu, si polisi. Ukilielewa hilo, umeielewa sheria yote.

Mwaka 1945 majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yaliamuru silaha zote zisalimishwe. Panga nyingi ziliharibiwa, nyingine zikavuka bahari ndani ya mabegi ya wanajeshi. Honjo Masamune, upanga ulioheshimiwa kuliko karibu zote na uliokuwa mali ya Tokugawa, ukoo wa watawala wa zamani wa Japani, ulipelekwa kituo cha polisi cha Mejiro, Tokyo, Desemba mwaka huo, ukachukuliwa na Wamarekani, na hadi leo haujulikani uliko. Wataalamu wa panga, Homma Junji akiwa mmoja wao, waliwasihi wakubwa wa jeshi wazitenge panga zenye thamani ya sanaa na chuma cha kawaida. Walisikilizwa. Sheria ya silaha ya 1958 bado imesimama juu ya ombi lile: upanga wenye bapa la kuanzia sentimita 15 ni marufuku kuwa nao, isipokuwa umekaguliwa na kuandikishwa kuwa kazi ya sanaa.

Wanaoitetea sheria hiyo wana hoja nzito. Bila hiyo, leo tungekuwa tunasoma habari za panga hizi vitabuni tu. Imefanikiwa pia kuweka silaha kali mikononi mwa raia bila kuzitangaza kuwa silaha. Sijui nchi nyingine iliyofanya hivyo kwa utulivu kama huo.

Ila kuna upanga wa babu. Mtu anasafisha dari ya nyumba ya marehemu babu yake, anakuta upanga wa kijeshi wa enzi ya vita. Anatakiwa autolee taarifa polisi kwanza, kisha aupeleke kwa wakaguzi wa bodi. Wakaguzi wanatazama chuma. Kama umetengenezwa kiwandani kwa chuma cha kawaida na kupozwa kwa mafuta, hauna sanaa, hauandikishwi, na mwisho wake ni kuharibiwa. Upanga pacha wake unauzwa hadharani Marekani, na ndani ya Japani hakuna anayeruhusiwa kuutundika ukutani. Hapa naona sheria inapwaya. Imepima uzuri ikasahau kwamba historia nayo ni thamani, hata ikiwa historia ya aibu. Najua jibu la upande wa pili: ukiufungulia mlango upanga wa kiwandani, utaufungaje kwa nakala za bei poa zinazotengenezwa nje? Jibu hilo lina nguvu, lakini halimsaidii mjukuu aliyetaka kitu kimoja tu cha kumkumbuka babu.

Wahunzi walio hai wanabanwa vilevile. Mhunzi anahitaji kibali cha Idara ya Utamaduni, baada ya miaka ya kujifunza chini ya bwana wake, na hata akikipata hafui zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi. Chuma chenyewe, tamahagane, kinatoka hasa kwenye tanuru la Okuizumo, Shimane, lililofufuliwa mwaka 1977, ambalo huwashwa majira ya baridi tu, mchanga wa chuma na makaa vikimiminwa ndani usiku na mchana kwa siku tatu. Kikomo hicho kinalinda ubora, ndiyo. Kinapandisha pia bei, na kijana anayetaka kazi hii anapiga hesabu na kuiacha.

Mnunuzi wa nje huchanganya mambo mawili hapa: uhalali na uhalisi. Kile kikaratasi kinasema upanga ni halali kuwa nao. Hakisemi kwamba saini iliyomo ni ya kweli. Mkaguzi ananakili kilichochongwa, basi. Nagasone Kotetsu, mhunzi wa karne ya 17, ameghushiwa saini hata wajuzi wakiona jina lake hushuku kwanza. Uhalisi unathibitishwa kwa vyeti vya jumuiya ya wataalamu iliyoanzishwa 1948, navyo vya kabla ya 1982 wanunuzi wazoefu huvitazama kwa jicho la pembeni. Ushahidi mkubwa uko kwenye msuka. Kigingi cha mianzi kinagongwa kikatoka, mpini unavuliwa, na chuma kinaonekana kikiwa na kutu nyeusi ya karne kadhaa. Anayeisugua kutu hiyo ili ing'ae ameifuta nusu ya thamani kwa mkono wake. Muuzaji akikataa kuvua mpini, aga uende zako.



Ukitaka kuuvusha mpaka, Idara ya Utamaduni lazima ithibitishe kuwa si Hazina ya Taifa wala urithi mwingine uliozuiwa kutoka. Cheti cha uandikishaji kinarudishwa, na upanga unaondoka bila kitambulisho. Pambo la pembe ya ndovu kwenye ala linaweza kuuzuia peke yake. Uingereza, tangu 2008, imepiga marufuku kuuza na kuingiza panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, ila inaacha za zaidi ya miaka 100, za kabla ya 1954, na zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Japani inauliza kama ni sanaa; Uingereza inauliza umetengenezwa lini na vipi, na mnunuzi ndiye wa kuthibitisha. Swali la Uingereza ni rahisi zaidi kwa askari forodha. La Japani, kwa maoni yangu, linauheshimu upanga zaidi.

Ukirudishwa nyumbani baada ya miaka 30, upanga huohuo unasimamishwa mpakani, unapita polisi, na kupelekwa mbele ya wakaguzi kama mgeni. Cheti chake cha zamani hakiusaidii. Unavuliwa mpini na kupimwa upya, urefu, mpindo, matundu.