Wahaiti wana sababu ya kuyaogopa majeshi ya kigeni

Tangu polisi wa Kenya watue Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, tarehe 25 Juni 2024 kupambana na magenge, kuna swali linalorudiwa: Wahaiti wanataka nini hasa? Magenge yanawamaliza, msaada umefika, na bado wananung'unika.

Hoja ya wanaotaka vikosi vya nje ina uzito. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 5,600 waliuawa mwaka 2024. Desemba hiyo, mtaani Wharf Jérémie, genge moja liliua watu zaidi ya 200, wengi wao wazee waliosingiziwa uchawi. Polisi wa Haiti wamezidiwa. Anayesema waachiwe wenyewe atuambie wakazi wa mtaa ule wakimbilie wapi.

Ila Wahaiti wanaikumbuka Oktoba 2010. Karibu na mji wa Mirebalais palikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal. Kinyesi cha kambini kiliingia kwenye kijito kinachomwaga maji yake mto Artibonite. Humo watu wanachota maji ya kunywa, wanafua, wanaoga, wanamwagilia mpunga. Nchi ambayo kwa zaidi ya karne haikuwa na kipindupindu ilizika watu karibu 10,000. Waliougua walipita 800,000. Watu waliokuja kulinda uhai ndio walioleta ugonjwa, na kwa miaka Umoja wa Mataifa haukukiri. Waathirika walipofungua kesi New York, mahakama zilisema umoja huo una kinga, haushtakiki. Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa umoja huo wakati ule, aliwaomba radhi Desemba 2016, miaka sita tangu mazishi ya kwanza. Mpango wa dola milioni 400 ulitangazwa, lakini zilizochangwa ni kiasi kidogo mno. Mjane wa Artibonite aende kumdai nani?

Na hayo si ya pekee. Mwaka 2007 wanajeshi zaidi ya 100 wa Sri Lanka, walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Haiti, walirudishwa kwao kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, watoto wakiwemo. Kabla yao, Wamarekani waliikalia nchi kuanzia 1915 hadi 1934 na kuwalazimisha wanakijiji kujenga barabara.

Sisi wa Afrika Mashariki tusijitoe. Siku ileile Wakenya walipotua Haiti, polisi wenzao waliwapiga risasi waandamanaji nje ya Bunge, Nairobi.

Sisemi vikosi visiende. Kikosi kipya cha Haiti kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Septemba 2025 kinaruhusiwa kufikia polisi na wanajeshi 5,500. Kabla hawajajaa, iandikwe wazi Mhaiti atakayeumizwa nao atashtaki wapi, na nani atamlipa.