Daktari, niangalie kwanza

Mwaka juzi nilimpeleka shangazi hospitali mara tatu kwa uchovu na kizunguzungu. Mara zote tatu aliyetupokea hakubandua macho kwenye kompyuta. "Anaumwa nini? Haya, nendeni maabara." Malaria hakuna, taifodi "ipo kidogo". Tukalipa, tukabeba dawa, tukarudi na kizunguzungu chetu.

Mara ya nne tuliishia zahanati ya mtaani, tukamkuta tabibu mmoja, mama wa makamo. Tulipomaliza kusalimiana alimshika shangazi mkono, akamsogeza dirishani, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. "Mwanangu, hebu njoo uone." Ndani ya kope, panapotakiwa kuwa na wekundu, palikuwa peupe kama karatasi. Akamwambia atoe ulimi: laini, unang'aa, kama umepigwa msasa. Viganja navyo vimepauka. Hapo ndipo akaandika vipimo, damu na choo. Wingi wa damu ulikuja sita tu, upungufu mkubwa, na kwenye choo yakaonekana mayai ya minyoo ya safura, ile inayopenya ngozi ya miguu na kunyonya damu tumboni. Shangazi analima mpunga peku tangu utoto wake.

Sina ugomvi na maabara. Bila maabara minyoo ile tusingeijua. Ninacholalamikia ni vipimo kutumwa gizani, mgonjwa amekaa mbele yako na ushahidi usoni.

Kuangalia nako ni ufundi. Dirishani kwa mfano: taa ya manjano inaweza kuyaficha manjano ya ini, hata macho yakiwa yamebadilika waziwazi. Ngozi zetu nyeusi nazo zina masharti yake. Mtu anayekosa hewa hawi wa bluu kama vitabu vingi vilivyotungwa Ulaya vinavyochora. Mtazame ulimi na fizi. Weupe wa jicho la mtu mzima unaweza kuwa na rangirangi ya kahawia au njano kwa sababu ya jua na umri tu, basi anayejua kazi humwambia atazame chini, akainua kope la juu na kuchungulia pale jua lisipofika. Surua ndiyo inanifurahisha zaidi (kama ugonjwa unaweza kufurahisha): siku moja au mbili kabla ya vipele, ndani ya shavu mkabala na magego hutokea vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi. Asiyemfunua mtoto mdomo hatavijua.

Lakini jicho nalo limewahi kutuponza. Mwaka 1985, vipimo vya UKIMWI vikiwa adimu Afrika, Shirika la Afya Duniani lilikutana na wataalamu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kuweka vigezo vya kuutambua ugonjwa kwa dalili: kukonda, kuharisha na homa za muda mrefu, pamoja na dalili ndogo kama utando mweupe kinywani, ngozi kuwasha mwili mzima, mkanda wa jeshi unaojirudia. Wataalamu walijua ni njia ya dharura, na dalili moja ndogo peke yake haikutosha. Mtaa haukungoja jumla. Ukitoka mkanda wa jeshi, majirani wameshakuzika. Kumbe mkanda unaweza kumpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, hasa umri ukisogea. Wangapi walifichwa vyumbani kwa malengelenge ya ubavuni!

Kwa hiyo nikisema tuangaliwe, simaanishi tuhukumiwe kwa macho. Jicho liseme kipimo gani kifuate, basi. Na kama umekaa mbele ya daktari asiyekutazama, mwambie kwa adabu: "Daktari, naomba uniangalie macho na mdomo." Mimi husema. Wengine hununa, wengi huchukua tochi.

Shangazi alipona, tatizo sasa ni kwamba amejipa udaktari. Mgeni hapati chai kabla ya kupelekwa dirishani kuvutwa kope. Juzi ilikuwa zamu ya kijana wa bodaboda aliyemletea gesi. Akaambiwa damu anayo tele, ila akalale.