Siku 30 ni giza moja la dagaa

Katika mialo ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi vijiji vya kusini mwa Uvinza, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kali, mitumbwi hupandishwa ufukweni na wavuvi hupumzika. Kutoka giza hadi giza ni siku 29 na nusu. Sasa mvuvi anaambiwa na tajiri wake, mwenye mtumbwi, "Pumzika kwanza, tutaonana giza lijalo." Giza linafika, anakuta nafasi yake ina mtu mwingine. Tajiri akija kudai kwamba alimwachisha kazi siku ile ile ya kwanza, mvuvi huyo amebakiwa na muda mchache mno wa kulalamika, au hana kabisa. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007 zinampa aliyeachishwa siku 30 tu kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60.

Waajiri wanaoutetea ukomo huo wana hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri, si mfanyakazi, athibitishe kwamba sababu ya kuachisha ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Anayebebeshwa mzigo huo anahitaji kujua mapema kwamba kuna shauri, kabla karani wa mzani hajahamia Mpanda na daftari la mahudhurio halijaliwa na mchwa. Kwa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, deni linaloibuka baada ya miaka miwili huangukia wakulima ambao pengine hawakuwamo hata kwenye mkutano uliomwondoa mlinzi. Na mlango wa mchelewaji haujafungwa, wanasema: ipo Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda.

Hayo ni kweli. Lakini wengi wanaochelewa hawakulala. Walisubiri kwa sababu waliambiwa wasubiri.

Mlinzi au karani wa chama huko Urambo au Kaliua akiachishwa huambiwa, "Subiri malipo ya tumbaku yaingie benki, tutakumalizia chako." Ni jambo la kawaida, na kwa desturi zetu kumwamini mwenzako ni ustaarabu. Anasubiri wiki sita, anapigiwa simu, anaitwa kikao, anaombwa avumilie tena. Kisheria, mazungumzo hayo hayasimamishi saa. Akifika Tume siku ya 50 anatakiwa aombe kuongezewa muda, na hapo hupimwa amechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, madai yake yana uzito gani, na mwajiri ataumia vipi. Msimamo wa mahakama zetu ni kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Kusema "tulikuwa tunaelewana" mara nyingi hakutoshi. Kwenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji au polisi nako hakusaidii sana, kwa sababu huko si mahali pa mgogoro wa kazi. Aliyekawia kwa ugonjwa aambatishe cheti cha hospitali chenye tarehe. Hati ya kiapo isiyo na tarehe wala vielelezo ndiyo inayoangusha maombi mengi.

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kanuni inahesabu siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kushikilia uamuzi wake. Kwa hiyo muuguzi wa hospitali, au mtumishi wa shirika linalohudumia wakimbizi Kasulu na Kibondo, akikata rufaa ya ndani, hesabu yake huanza siku anayopewa jibu la rufaa. Ana barua, ana tarehe, ana ofisi ya utumishi. Mvuvi wa mwaloni na kibarua wa mabani ya kukaushia tumbaku hawana rufaa ya kukata; walichopewa ni neno la mdomo. Kanuni ni moja, lakini anayekaa karibu na mafaili hupata muda mrefu kuliko asiyejua hata faili lake liko wapi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, "tutaonana ziwa likifunguliwa" ilikuwa miezi mitatu, mara tatu ya muda wa kulalamika.

Wapo wanaosema mvuvi anayelipwa kwa mgao si mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa: anapewa vifaa, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, saa zake zinapangwa na mwingine, na kadhalika. Mtumbwi, nyavu na taa ni vya nani? Kizuizi kikubwa zaidi ni kwamba mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ingawa mikataba yake kadhaa huweza kujumlishwa na mshahara wake bado anaudai.

Anayejaza Fomu Na. 1, ile ya kufikisha mgogoro Tume, aandike jina halisi la kisheria la mwajiri. Hospitali na shule nyingi za makanisa hushtakiwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Kuandika jina la kwenye bango kunaweza kumwachia tuzo, yaani uamuzi wa Tume, isiyotekelezeka. Sehemu B ni ya waliofukuzwa, isiachwe wazi. Asichokiomba kwenye fomu ni vigumu kukipata baadaye. Nakala lazima imfikie mwajiri, na uthibitisho wa kupokea utunzwe. Aliyeachishwa Machi 3 awe amefika Tume ifikapo Aprili 2. Asiye na barua atunze ujumbe wa simu, miamala ya malipo na taarifa ya michango ya NSSF, maana ndivyo vitakavyoonyesha alianza lini na aliachishwa lini.

Sidhani kwamba dawa ni kuongeza siku hadi mwaka. Mwajiri mdogo angeumia bure. Ugomvi ni tarehe. Sheria tayari inasema mwajiri asipotoa mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Kanuni hiyo hiyo ingefaa kwenye kuachishwa: asiyetoa barua yenye tarehe asiruhusiwe kuichagua tarehe hiyo mbele ya Tume, na aliyesema "subiri" ahesabiwe tangu siku kusubiri kulipokwisha.