Mpendwa Mteja, Thibitisha Kwamba Wewe Ni Wewe

Leo nimeamka nikakuta nimerithi tena. Safari hii marehemu ni mhandisi wa mafuta aliyeteketea katika ajali ya ndege pamoja na mkewe na watoto wake wote, na wakili wake, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ni mcha Mungu, ameuzunguka ulimwengu mzima akitafuta ndugu wa kukabidhiwa mamilioni ya dola, hadi akaridhika kwamba aliyebaki ni mimi. Nimefiwa na watu wengi sana kwa njia hii, wakiwamo majenerali, waume wa wajane wasiohesabika na mwana wa mfalme mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyenikumbuka alipokuwa hai.

Sitaki kumdharau wakili huyu, kwa maana kazi yake ina historia ndefu kuliko benki nyingi. Kabla barua pepe hazijakuwapo, palikuwa na barua za karatasi zilizohusu tajiri aliyefungwa gerezani Uhispania, ambaye angekugawia hazina yake iliyofichwa endapo ungetanguliza fedha kidogo za kumnusuru, na mwaka 1898 gazeti la New York Times lilikuwa tayari linauandika utapeli huo kuwa ni wa zamani. Kilichobadilika tangu hapo ni gharama ya stempu. Tapeli wa enzi hizo alilazimika kuchagua wa kumwandikia. Wa leo anawaandikia watu milioni moja kwa jasho lile lile la kumwandikia mmoja, nasi wote tunarithi asubuhi moja.

Wapo wanaozicheka barua hizi kwa uandishi wake mbovu. Mimi niliacha kucheka nilipopata habari za Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, ambaye mwaka 2012 alitoa hoja kwamba upumbavu wa barua ni chujio lililowekwa makusudi: mwenye shaka aicheke na kuifuta mapema, ili tapeli asipoteze wiki nzima akibembelezana na mtu ambaye mwishowe hatatoa hata senti. Maana yake ni kwamba kila ninapoufuta urithi wangu kwa majivuno, nimemfanyia tapeli kazi ya ukarani bila mshahara.

Wengine siwapi nafasi kubwa. Yupo mkuu wangu wa kazi, ambaye daima yumo mkutanoni na hawezi kupokea simu, ila ana haja ya haraka ya kadi za zawadi, nami nimtumie namba zake kimyakimya. Yupo anayedai amenirekodi kwa kamera ya kompyuta yangu katika hali ya fedheha, na kama ushahidi ananitajia nywila yangu ya zamani, ambayo ilivuja kutoka kwenye tovuti moja pamoja na nywila za mamilioni ya watu wengine. Kompyuta yangu haina kamera. Yupo pia mwenye kifurushi changu. Sijaagiza kifurushi.

Aliyeniharibia siku, hata hivyo, si yeyote kati ya hao. Aliyeniharibia siku ni mtu mwaminifu.

Barua yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya urithi, ikiwa na jina la benki yangu, ambayo sitaitaja kwa kulinda heshima. Yangu, si yake. "Mpendwa Mteja," ilisema, kana kwamba miaka yote ambayo nimeweka fedha zangu pale haijawatosha kulijua jina langu, "tumebaini kwamba taarifa zako hazijahuishwa. Akaunti yako itazuiwa ndani ya saa 48. Bofya hapa." Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nilivaa miwani.

Kwanza nililipuuza jina la mtumaji, kwa kuwa jina hilo kila mtu hujiandikia apendavyo. Kanuni za kusafirisha barua pepe alizoziandika Jon Postel mwaka 1982 zilikuwa za mtandao mdogo wa watu walioaminiana, na seva inayopokea barua haikutakiwa kumwuliza mtumaji kama kweli yeye ndiye. Baadaye ziliongezwa mbinu za ukaguzi, SPF, DKIM na DMARC, nazo zinasaidia sana, lakini zinachothibitisha ni kwamba barua imetoka kwenye kikoa, yaani jina la anwani ya mtandaoni, kinachotajwa. Tapeli aliyejinunulia kikoa chake mwenyewe kwa fedha halali atapita hapo akipiga mluzi. Kwa hiyo nikaisoma anwani yote iliyofuata alama ya @, kisha nikapeleka kishale juu ya kiungo bila kukibofya, nikangoja anwani yake ya kweli ijitokeze. Anwani ya tovuti haisomwi kwa pupa kutoka kushoto. Unatafuta mahali jina la tovuti linapokomea, kwenye mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, kisha unarudi nyuma: vipande vya mwisho kabla ya mkwaju huo ndivyo vinavyomtaja mwenyewe, na vyote vinavyotangulia ni mapambo ambayo mtu yeyote anaweza kujipamba nayo. Jina la benki yangu lilikuwa kwenye mapambo. Mwenyewe alikuwa kampuni nisiyopata kuisikia, yenye vistari viwili katikati ya jina lake. Chini kabisa palikuwa na kiambatisho kilichofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe ilikuwa imeandikwa ndani ya barua hiyo hiyo, mbinu ambayo matapeli huitumia ili programu za ukaguzi zishindwe kuchungulia ndani ya faili. Neno "usalama" lilikuwa limekosewa.

Nilifurahi mno. Sikuwa nimepata kukutana na utapeli uliokamilika kiasi kile; dalili zote zilikuwapo, hakuna hata moja iliyotoa udhuru. Sikujibu, sikubofya, wala sikuigusa namba ya simu iliyoandikwa mle. Niliitoa kadi yangu ya benki, nikaigeuza, nikapiga namba iliyochapwa nyuma yake, kwa unyenyekevu wa mtu anayekwenda kupokea shukrani. Baada ya muziki mrefu, na sauti iliyonihakikishia mara kwa mara kwamba simu yangu ni muhimu kwao, akapokea binti mmoja.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu, nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimewakamatia tapeli."

"Asante sana, mzee wangu. Kabla hatujaendelea, naomba nithibitishe kwamba naongea na mwenye akaunti."

Nikamweleza kwamba sitoi fedha, sihamishi fedha, wala siulizi salio. Nina barua tu mkononi na nataka kujua kama ni yao. Akaniambia huo ndio utaratibu. Nikataja jina langu lote, tarehe ya kuzaliwa, na jina la mama yangu, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kufungua akaunti mahali popote lakini jina lake limekuwa ufunguo wa akaunti za wanawe. Nilipodhani nimekwisha kuwa mimi, simu yangu ikalia.

"Nimekutumia msimbo, mzee wangu. Naomba unisomee."

Nikaufungua ujumbe. Uliandikwa hivi: "Usimpe mtu yeyote msimbo huu. Wafanyakazi wetu hawatakuuliza kamwe."

"Mwanangu," nikamwambia, "ujumbe wenu unasema hamtaniuliza."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Nawe unaniuliza."

"Ni kwa ajili ya usalama wako, mzee wangu."

Nikamwahidi kwamba nitamsomea ujumbe wote, pamoja na nukta zake, isipokuwa msimbo. Akaenda kumwuliza msimamizi wake, muziki ukarudi, na nadhani huko walikofanya kikao walijadili kama mtu anayetii maagizo ya benki anaweza kweli kuwa mteja wao. Hatimaye wakaridhika kwa kuniuliza tawi nililofungulia akaunti. Ndipo nikaisoma barua, neno kwa neno, kwa sauti ya hakimu anayesoma mashtaka, na nilipofika kwenye vistari viwili nikatua kidogo ili vimwingie.

"Barua hiyo ni yetu, mzee wangu."

"Yenu?"

"Ndiyo. Huyo ni mshirika wetu, tumempa kazi ya kuhakiki taarifa za wateja."

"Na ile ya mwezi uliopita, iliyotuonya tusibofye kiungo chochote kinachotishia kufunga akaunti?"

"Hiyo nayo ni yetu."

"Kwa hiyo nitii ipi?"

Akanyamaza. Nilimsikia akivuta pumzi, na kwa haki kabisa nilimhurumia, kwa maana swali lile hakulizua yeye wala hatalipwa kwa kulijibu. "Bofya tu, mzee wangu," akasema kwa upole, "au ufike tawini na kitambulisho." Kisha akaniarifu kwamba nitapokea barua ya kutathmini huduma aliyonipa. Nayo ikaja kabla sijaiweka simu chini, kutoka kwenye kikoa cha tatu kisichofanana na viwili vya mwanzo, ikiwa na kiungo.

Nauliza, kwa adabu yote iliyobaki: mwananchi afanye nini? Tulifundishwa kwamba haraka ni dalili ya utapeli, na benki inatupa saa 48. Tulifundishwa kumwogopa asiyetutaja kwa jina, na mwenye fedha zetu anatuita Mpendwa Mteja, ilhali tapeli, aliyenunua orodha zilizovuja, anatutaja kwa majina yote matatu. Makosa ya tahajia nayo yamehamia upande wa pili: tapeli siku hizi anaandikiwa barua na programu za akili bandia, kwa ufasaha usio na doa, na aliyebaki na makosa ni mshirika wa benki yangu. Na siku mtu atakapoibiwa, ataambiwa hakuwa makini. Makini kiasi gani? Mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya vifaa inayofanya biashara na Google na Facebook, akazitumia ankara za uongo, nazo zikalipa zaidi ya dola milioni 100 kati ya mwaka 2013 na 2015, kabla hajahukumiwa Marekani mwaka 2019 kwenda jela miaka 5. Makampuni yale yana wahasibu, wanasheria na wakaguzi, na barua zetu nyingi hupita mikononi mwao. Mimi nina miwani. Mwaka 2016 mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, John Podesta, aliletewa onyo la uongo lililojifanya limetoka Google. Wasaidizi wake wakamwuliza mtaalamu wa kompyuta, naye akajibu kwamba barua ni halali, kisha baadaye akaeleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Hakuna aliyewaambia hao waende tawini na kitambulisho.

Hata hasira yenyewe nimenyang'anywa. Nilikuwa nikimlaani mwandishi wa barua hizi kwa raha zangu, mpaka Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipokadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na takriban 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, wengi wao wakiwa wamenaswa kwa matangazo ya kazi ya uongo. Basi mtu hana hata uhakika kama anayejaribu kumwibia ni mwizi au mateka. Anayebaki wa kulaaniwa bila wasiwasi ni yule anayejitokeza baada ya wizi, akijiita mpelelezi, na kuahidi kukurudishia kilichoibiwa ukitanguliza ada kidogo. Huyo namlaani kwa moyo mkunjufu.

Madhara ya umakini huu yamefika mpaka ndani ya ukoo. Shemeji yangu ametuma barua yenye maneno "tazama picha zetu" na faili moja, bila salamu, naye ni mtu wa salamu ndefu. Mimi nakumbuka Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilipozagaa duniani kwa kujifanya barua ya mapenzi kutoka kwa mtu unayemfahamu, kikiwa na faili lililoonekana kuwa la maandishi ya kawaida huku mwisho wa jina lake ukisema mengine, na kila aliyelifungua kikajituma kwa wote waliomo kwenye orodha yake ya anwani. Nikampigia shemeji na kumtaka anithibitishie, kabla sijafungua chochote, kwamba ni yeye aliyetuma, na kwa kuwa sauti nayo siku hizi huigwa, nikamwuliza jina la mbwa tuliyekuwa naye mwaka alioolewa. Alikata simu. Picha zikatumwa upya kwa ukoo mzima, isipokuwa mimi, zikiwa na tangazo la namba yake mpya chini ya barua.

Mke wangu ananihimiza nimpigie shemeji kwenye namba hiyo mpya nimtake radhi. Nimemweleza kwa utulivu kwamba mimi sipigi namba ya simu iliyoletwa na barua yenyewe.